Uchafu kwenye simu unavyokula faida ya korosho Nachingwea, Ruangwa

MIAKA michache iliyopita, chama cha msingi cha ushirika wilayani Nachingwea au Ruangwa kilihitaji vitu vitatu ili msimu wa mauzo uende vizuri: magunia ya kutosha, mizani iliyohakikiwa na karani mwaminifu. Leo kimeongezeka kitu cha nne, ambacho wanachama wengi hawakipigii hesabu kwenye mkutano mkuu. Ni simu au kompyuta inayofunguka kwa wakati.

Ni jambo linaloonekana dogo, lakini si dogo kwa wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi, ambako ufuta, mbaazi na korosho ndivyo vinavyosomesha watoto na kuezeka nyumba. Mazao hayo sasa yanauzwa kwa mfumo unaopita kwenye intaneti. Simu ya katibu ikigoma asubuhi ya mnada, au orodha ya malipo ikipotea katikati ya picha za harusi na video za vichekesho, anayeumia ni mkulima aliyekwisha kupeleka magunia yake ghalani.

Makala haya yanaeleza namna uchafu wa kidijitali unavyoongeza gharama za chama na mkulima, jinsi ya kuupunguza, na namna ya kuchagua kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti, inayofaa kwa kazi za ushirika vijijini.

Mauzo yamehamia kwenye kioo

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008, mkoani Mtwara, kisha ukaenea kwenye mikoa mingine inayolima zao hilo. Kwa utaratibu huo mkulima hupeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, chama hukusanya na kuyapeleka ghala kuu, na mzigo huuzwa kwa mnada. Kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, shughuli hizo zinaratibiwa na Chama Kikuu cha Ushirika Runali, ambacho jina lake limetokana na wilaya hizo tatu.

Kwa miaka mingi wanunuzi walikuwa wakiandika bei zao kwenye karatasi na kuzitumbukiza kwenye sanduku la zabuni. Barua zilifunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti, na wakulima wakakubali au kukataa. Katika msimu wa 2024/2025 utaratibu huo ulibadilika, na korosho zikaanza kuuzwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi sasa anaweza kuweka bei akiwa mbali na ukumbi, na matokeo yakaonekana kwenye kioo.

Mnada si kazi pekee iliyohamia huko. Wakulima wa korosho wameandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali ili wapate viuatilifu vya ruzuku. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ina mfumo wake wa usimamizi wa vyama vya ushirika, maarufu kwa jina la MUVU, ambao vyama hutumia kuwasilisha taarifa zao. Malipo ya wakulima hupitia benki, na orodha za akaunti huandaliwa kwa kompyuta.

Kwa maana hiyo, katibu wa chama cha msingi kutoka Kilimarondo hadi Mbekenyera amekuwa mtumiaji wa intaneti, apende asipende. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa simu zao binafsi, kwa bando wanalonunua wenyewe, na kwa kompyuta moja ya ofisi au ile ya stesheneri ya mjini. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Uchafu wenyewe ni upi?

Uchafu wa kidijitali ni kila kitu kilichomo kwenye simu, kompyuta au barua pepe ambacho hakina kazi tena, lakini kinachukua nafasi, kinakula bando au kinamfanya mtu ashindwe kukiona kile anachokitafuta.

Kuna aina nne zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni picha, video na sauti zinazoingia zenyewe kutoka kwenye makundi ya WhatsApp. Ya pili ni programu zilizopakuliwa kwa majaribio na kusahauliwa, ambazo nyingine huendelea kujisasisha zenyewe kwa bando la mwenye simu. Ya tatu ni nyaraka zenye nakala nyingi za kitu kilekile. Ya nne ni uchafu wa kwenye kivinjari: kurasa 30 au 40 zilizoachwa wazi, matangazo yanayoruka mbele ya macho, na arifa za tovuti ambazo mtu aliziruhusu bila kusoma.

Mkulima wa korosho anaifahamu hasara ya uchafu kuliko mtu mwingine yeyote. Kabla korosho hazijaanza kudondoka, husafisha chini ya mikorosho ili kila korosho ionekane na kuokotwa. Asiyesafisha huziacha nyingine kwenye nyasi. Baada ya kuokota huzianika na kuzichambua, maana anajua kuwa mzigo uliochanganyika na mawe, majani na korosho mbovu hushushwa daraja. Kwenye ufuta ni hivyo hivyo. Takataka na unyevu hupunguza bei ya mzigo mzima.

Simu nayo ina daraja. Ikichanganya mazuri na mabovu, hata yale mazuri hushindwa kutoa faida.

Hesabu ya hasara

Ili gharama hiyo ionekane, chukua mfano wa katibu aliye kwenye makundi sita ya WhatsApp: la chama, la makatibu wenzake, la kijiji, la ukoo, la shule aliyosoma na la mpira. Tuseme kila kundi linaingiza picha 10 na video mbili kwa siku. Picha ikiwa na ukubwa wa KB 200 na video MB 8, basi kwa siku moja simu yake inapokea MB 12 za picha na MB 96 za video. Jumla ni MB 108.

Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni zaidi ya GB 3. Kwa miezi mitano ni zaidi ya GB 16, ambayo ni nusu ya simu yenye nafasi ya GB 32, hata kabla ya kutoa sehemu inayochukuliwa na mfumo wa simu yenyewe. Kila msomaji anaweza kuchukua bei ya bando la mtandao wake na kuona ni shilingi ngapi zinazoteketea kila mwezi kwa vitu ambavyo hakuviomba na pengine hakuvifungua.

Ipo pia gharama ya muda, ambayo wanauchumi huihesabu kwa kuangalia kazi ambayo mtu angeifanya kama asingepoteza muda huo. Katibu anayetumia dakika 20 kila siku kutafuta hati au kusubiri simu nzito ifunguke, kwa siku sita za kazi anapoteza saa mbili kwa wiki. Kwa msimu wa wiki 12 ni saa 24, sawa na siku tatu nzima za kazi za saa nane. Hizo ni siku tatu katikati ya msimu, wakati foleni ya wakulima iko mlangoni na gari la kupeleka mzigo ghala kuu linasubiri hati.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haitokani na bando wala muda. Inatokana na makosa.

‘Orodha ya mwisho kabisa’

Fungua kompyuta ya ofisi yoyote inayolipa watu wengi na mara nyingi utakuta nyaraka zenye majina haya: “orodha ya malipo”, “orodha ya malipo mpya”, “orodha ya mwisho” na “orodha ya mwisho kabisa”. Aliyeziandika anajua ipi ni sahihi leo. Baada ya wiki mbili hajui tena, na akiugua au kusafiri, hakuna mwingine anayejua.

Orodha isiyo sahihi ikienda benki, tarakimu moja ya akaunti inatosha kukwamisha malipo. Kwa mfano, mkulima aliyeuza kilo 600 kwa Sh2,500 kwa kilo anadai Sh1,500,000 kabla ya makato. Fedha hizo zikirudishwa benki kwa sababu ya kosa la akaunti, atafika ofisini siku ya kwanza kuuliza, “Katibu, wenzangu wameshalipwa, yangu imekwama wapi?” Siku ya pili atalipa nauli kwenda benki mjini. Wiki ya pili atakopa kwa jirani, na huenda msimu unaofuata akaona ni afadhali auze kangomba kwa mlanguzi anayelipa taslimu mlangoni, hata kama bei ni ya kumnyonya.

Kwa namna hiyo, orodha iliyochanganywa kwenye kompyuta inaweza kuwarudisha wakulima kwenye biashara ambayo ushirika na Serikali vimepambana nayo kwa miaka mingi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, isipokuwa limefukiwa.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu zikusanywe kwa lengo halali, zilindwe na zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Orodha yenye majina, namba za simu na namba za akaunti za wanachama 300 inapopigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, inabaki kwenye simu za watu wote wa kundi hilo, wakiwamo waliokwisha kuhama kijiji. Kwa matapeli, orodha kama hiyo ni mali, kwani inawaambia nani ana fedha na lini zinaingia.

Palizi ya simu

Habari njema ni kwamba kazi ya kusafisha haihitaji mtaalamu wala fedha. Inahitaji siku moja ya utulivu na utaratibu ufuatao.

Kwanza, hifadhi kabla ya kufuta. Kumbukumbu za ushirika hukaguliwa, na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, halitakubali maelezo kuwa hati ilifutwa ili simu ipate nafasi. Nyaraka muhimu ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu ya ofisi, moja kwenye flashi inayofungiwa kabatini, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya kawaida ya Google hutoa GB 15 bila malipo, ambazo zinatosha nyaraka za chama kwa miaka mingi endapo hazitachanganywa na video. Akaunti hiyo iwe ya chama, si ya katibu, ili uongozi unapobadilika isiondoke naye.

Pili, zuia uchafu mlangoni. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data inayomwezesha mtumiaji kuzuia picha, video na sauti zisijipakue zenyewe. Ukizuia, kila video itasubiri uiguse ndipo ishuke. Hatua hii peke yake inaokoa sehemu kubwa ya bando. Katika sehemu hiyohiyo kuna orodha inayoonyesha kundi lipi limechukua nafasi kubwa, na mtu anaweza kufuta video kubwa bila kugusa ujumbe wa maandishi.

Tatu, ondoa programu zisizotumika. Kipimo rahisi ni hiki: kama programu haikufunguliwa tangu msimu uliopita, haina kazi. Ikihitajika itapakuliwa tena.

Nne, zipe nyaraka majina yanayoeleweka. Jina zuri huanza na mwaka, mwezi na siku, kisha zao, kisha namba ya mnada. Kwa mfano, “2025-11-07 korosho mnada 3 malipo”. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa tarehe. Orodha ikisharekebishwa, ile ya zamani ihamishiwe kwenye folda ya kumbukumbu siku hiyohiyo, ili kwenye folda ya kazi ibaki moja tu.

Tano, tenganisha makundi. Kundi la viongozi wa chama liwe la kazi tu, na wanachama wakubaliane kuwa salamu, mahubiri na mpira vina makundi yake. Namba za akaunti zisipelekwe kwenye kundi lolote. Mkulima anayetaka kuhakiki taarifa zake azione peke yake, ofisini, mbele ya karani.

Funzo la karanga

Baada ya kusafisha, swali linalofuata ni zana. Nachingwea ina historia chungu kuhusu kuchagua zana bila kuangalia mazingira. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika mwaka 1947, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta makubwa yaliletwa, yakiwamo yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, bandari ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulitelekezwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mashine zile zilikuwa na nguvu nyingi. Kilichokosekana ni kupima kwanza udongo, mvua na visiki vya mahali zinapopelekwa. Kuchagua kivinjari ni hivyohivyo. Kinachosifiwa Dar es Salaam kwenye kompyuta mpya si lazima kifae kwenye simu ya GB 32 katika kijiji ambacho mtandao hupatikana vizuri ukisimama chini ya mwembe.

Kivinjari kinapaswa kupimwa kwa maswali manne. Je, kinafungua mifumo ya kazi bila matatizo? Je, kinatumia bando kiasi gani? Je, simu au kompyuta iliyopo inakimudu? Je, kinalinda siri za mtumiaji?

Vivinjari vinavyojulikana

Google Chrome, kilichotoka mwaka 2008, ndicho kinachotumika zaidi duniani, na huja kwenye simu nyingi za Android. Faida yake ni kwamba watengenezaji wengi wa mifumo huijaribu kwanza kwenye Chrome. Udhaifu wake ni kula kumbukumbu ya kifaa, hasa kurasa nyingi zinapoachwa wazi. Zamani kilikuwa na njia ya kubana matumizi ya data, lakini Google waliiondoa mwaka 2022, hivyo anayekitumia kwa kuamini kuwa bado kinabana anajidanganya. Aidha, tangu Agosti 2025 matoleo mapya ya Chrome yanahitaji Android 10 au zaidi. Mwenye simu ya zamani kuliko hapo bado anaweza kukitumia, ila hapati tena marekebisho ya usalama.

Opera Mini kimekuwapo tangu mwaka 2005 na kilipendwa sana katika enzi za simu za vitufe. Hufanya kazi kwa kupitisha ukurasa kwenye kompyuta za kampuni, ambako hubanwa kabla ya kuletwa kwenye simu. Watengenezaji wake wanasema kinaweza kupunguza matumizi ya data hadi asilimia 90. Kwa kusoma habari, utabiri wa hali ya hewa na bei za mazao ni chombo kizuri. Lakini kinapowekwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha kubana, kurasa zenye fomu na vitufe vingi huweza kugoma. La muhimu zaidi, katika kiwango hicho taarifa hufunguliwa njiani, kwenye kompyuta za kampuni, kabla ya kumfikia mtumiaji. Kwa hiyo kisitumike hivyo kwa huduma za benki wala kwa mfumo unaohitaji neno la siri.

Firefox, kilichotoka mwaka 2004, kinasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara, Mozilla. Sifa yake kubwa kwa mtumiaji wa Android ni kuruhusu kuongezewa kizuia matangazo, kama uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya kwenye simu za Android hairuhusu. Tangazo lisiloshuka halili bando, na mtumiaji hawezi kulibonyeza kwa bahati mbaya. Brave nacho huzuia matangazo tangu siku kinapowekwa, na kwa kuwa kimejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, mifumo mingi inayofunguka kwenye Chrome hufunguka humo pia.

Microsoft Edge huja na kompyuta za Windows. Kilichukua nafasi ya Internet Explorer, ambacho kilistaafishwa rasmi Juni 15, 2022. Ofisi ambayo bado inabonyeza ile herufi “e” ya zamani ya bluu inatumia mlango usio na mlinzi. Kompyuta zenye Windows 7 au 8 nazo hazipati Chrome mpya tangu mwanzoni mwa mwaka 2023, na Firefox 115, iliyotoka mwaka huohuo, ndiyo toleo la mwisho kwao. Windows 10 nayo ilifikia kikomo cha huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Ni vyema chama kikayaingiza haya kwenye bajeti badala ya kushtukizwa nayo msimu ukiwa umepamba moto.

Kuna pia vivinjari vinavyojinadi kwa wepesi lakini vina doa. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walieleza kuwa UC Browser kilikuwa kikivujisha taarifa za watumiaji, na mwaka 2020 India ilikipiga marufuku pamoja na programu nyingine kadhaa. Wepesi peke yake si sababu ya kuamini.

Viwili vinatosha

Kutokana na hali ya Nachingwea na Ruangwa, ushauri unaofaa ni kuwa na vivinjari viwili tu, kila kimoja na kazi yake. Cha kwanza kiwe cha kazi: Chrome au Firefox kilichosasishwa, kikitumika kwa mnada, MUVU, benki na barua pepe ya chama, basi. Cha pili kiwe cha mambo mengine, kama Opera Mini kwa habari na michezo, ambako kubana bando ndiyo hoja kuu. Vingine vyote viondolewe.

Utengano huo una faida mbili. Kivinjari cha kazi hubaki chepesi, kwa kuwa hakibebi uchafu wa tovuti zenye matangazo. Pia, mtu akinasa kwenye tovuti ya ovyo kupitia kile cha pili, maneno ya siri ya chama hayamo humo.

Anwani za mifumo ya kazi ziwekwe alama au zibandikwe kwenye uso wa simu, ili zifunguliwe kutoka hapo kila siku. Anayeandika jina la mfumo kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kuletewa tovuti ya kuiga. Kabla ya kuweka neno la siri, soma anwani yote. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Alama ya kufuli pekee haitoshi, kwani hata tapeli anaweza kuipata.

Tovuti ikiuliza kama iruhusiwe kutuma arifa, jibu liwe hapana. Kama ziliruhusiwa zamani, mipangilio ya kivinjari ina sehemu ya kuzizima zote kwa pamoja. Kurasa zilizoachwa wazi zifungwe kila jioni, kama ghala linavyofungwa.

Kwa anayelazimika kutumia kompyuta ya stesheneri, afungue dirisha la faragha, akatae ombi la kuhifadhi neno la siri, atoke kwenye akaunti na kulifunga dirisha kabla ya kulipa. Hati alizopakua azifute pia kwenye kompyuta ile, kwa kuwa dirisha la faragha halifuti nyaraka zilizoshuka. Ikiwezekana, afanye malipo na kazi za benki kwenye kifaa cha chama tu.

Msimu wa malipo pia ni msimu wa ujumbe wa kitapeli, unaodai fedha zimekosewa au akaunti inahitaji kuhakikiwa. Mkulima asitoe namba ya siri kwa yeyote. Ujumbe kama huo unaweza kuripotiwa kwa kuupeleka kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kwa kupiga *106#, mtu anaweza pia kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Kalenda ya kazi

Mkulima wa korosho hasubiri ubwiriunga uenee ndipo atafute salfa. Huanza mapema, mti unapochipua. Usafi wa simu nao uwe na kalenda. Siku moja kabla ya mauzo ya ufuta kuanza katikati ya mwaka, na nyingine mwezi Septemba kabla ya minada ya korosho, zingetosha kwa chama cha msingi. Siku hiyo viongozi wahamishe kumbukumbu za msimu uliopita, wafute visivyohitajika, wasasishe vivinjari, wabadilishe maneno ya siri na kufungua kila mfumo kuona kama unakubali. Matatizo yakijitokeza Septemba, kuna muda wa kuomba msaada. Yakijitokeza asubuhi ya mnada, hakuna.

Bodi za vyama zinaweza kwenda mbali zaidi kwa kutenga fungu dogo la bando na simu moja ya ofisi, badala ya kumwachia katibu atumie simu yake ya nyumbani ambayo watoto huchezea michezo jioni. Ikilinganishwa na thamani ya mzigo unaopita kwenye simu hiyo kwa msimu mmoja, gharama yake ni ndogo mno. Maafisa ushirika wa wilaya nao wanaweza kuliingiza somo hili kwenye mafunzo ya makatibu na makarani, sambamba na matumizi ya mizani na utunzaji wa vitabu.

Wanachama nao wana wajibu. Kwenye mkutano mkuu ujao, baada ya kuuliza habari za makato na magunia, mwanachama asimame aulize maswali mengine matatu: Orodha yetu ya malipo inatunzwa wapi? Nani mwingine anaweza kuifungua katibu akiwa hayupo? Na namba zetu za akaunti ziko kwenye simu za nani?

Chama chenye majibu ya maswali hayo kitaweza kuwalipa wakulima wake hata katibu akiwa amelazwa hospitali. Kisicho na majibu kinafaa kuanza kusafisha leo, kabla korosho hazijaanza kudondoka.